Mji Alionipa Mama Verdiana

Wajukuu zangu, vitendawili nawategea, ila miji siwaombi. Sababu ni hii.

Mwaka sabini na nne tulikuwa Mvumi, mimi na mama mkwe wangu, Verdiana. Mume wangu, Oswald, alikuwa kazini relini Kilosa. Balozi wa nyumba kumi akapita: lori linakuja Jumatano kutuhamishia kijiji kipya, na atakayebaki, paa lake litaezuliwa.

"Mimi siendi," mama akasema. "Baba yenu nimemzika hapo nyuma. Nimwachie nani, nyani?"

Nikambembeleza siku mbili, wapi! Ya tatu tukawa tunachambua mboga chini ya picha aliyopewa mama na padri wa shamba la mkonge. Yusufu na Mariamu wanakimbilia Misri na mtoto wao. Wenyewe wadogo kama siafu. Nchi ndiyo kubwa. Mti mweusi umewainamia, mto umetulia kama uliopewa habari ya msiba, na nyuma yao kabisa, kwenye vilima walikotoka, kipande cha jua.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega."

"Katika picha hii kila kitu kina huzuni, isipokuwa kimoja."

Hakufikiri hata kidogo. "Jua lile. Limebaki nyumbani."

Ndilo lilikuwa jibu langu. Ndilo hasa. Lakini nikaliona lori la Jumatano, nikaliona paa likiezuliwa.

"Umekosa! Nipe mji."

"Chukua Kilosa."

"Sitaki."

"Morogoro, na masoko yake yote."

"Sitaki. Nipe huu wako."

Akanitazama. Mtegaji ana haki ya kukataa miji mpaka apewe anaoutaka, na mama hakuwa mtu wa kuvunja mchezo.

"Haya, Lea. Nimekupa. Sema jibu."

"Mtoto. Amelala zake. Alipo mama yake ndipo kwao."

Mji ulikuwa wangu sasa, hakuwa na pa kubaki. Jumatano akapanda lori, picha kwapani.

Huko kijiji kipya alikuwa akiisogeza picha mlangoni, kwenye mwanga. "Lea mwanangu, mtu mdogo hivi, umeonaje kwamba amelala?"

"Amelala, mama."

Mahindi yalipoanza kubeba, akaugua. Akaniita, akauliza tena jibu lilikuwa lipi. Jibu lake, lile jua, nilikuwa nalo mdomoni.

"Ni mtoto, mama," nikasema.

"Basi kweli nilikosa."

Tukamzika pale pale, mbali na mumewe.