Busu la Tumbo Moja

Asubuhi nilikuwa naitazama filamu mpya peke yangu, kabla ya onyesho la mchana, Bwana Chuma alipomkumbatia Binti Radi akambusu. Nikairudisha nyuma. Akambusu tena.

"Dada! Njoo uone balaa."

Dada yangu, anayeshughulikia sauti ukumbini, alikuja na waya begani. Alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Katika ukumbi wetu wa video mimi ndiye mtafsiri. Filamu inacheza kwa lugha ya wenyewe, mimi nashika kipaza sauti naisema kwa lugha yetu, tena kwa vina. Mashujaa majina nawapa mimi. Mwaka juzi zilikuja filamu mbili zisizojuana, nikaziunganisha mwenyewe: Chuma na Radi ni wa tumbo moja. Watu walilia. Sasa studio nayo imewaunganisha, kwa namna yake.

"Ungewasubiri wenyewe," Dada akasema. "Wale wana mpango. Wanachora filamu kumi mezani kabla ya kupiga hata moja."

"Mpango gani? Wanabahatisha! Wanatoa moja, ikipendwa ndipo wanatafuta uzi wa kuishonea na nyingine. Halafu wanajifanya walijua tangu mwanzo."

"Na vile vipande vya mwisho, baada ya majina ya waigizaji? Si ndimo wanamopanda filamu inayofuata? Ila Mjomba huzima majina yakianza tu."

"Shairi likiisha halihitaji mkia."

"Lako lina ndugu wanaobusiana, mdogo wangu. Malizana nalo kwanza."

Mjomba, mwenye ukumbi, alikuwa ameshaingia. "Yule fundi cherehani asiyekosa onyesho hasahau neno lako hata moja," akaniambia. "Ukiniaibisha leo, kipaza sauti anachukua Kasuku."

Kasuku ni binamu yangu, anatafsiri neno kwa neno, bila chumvi. Alikuwa akifagia mlangoni, anatabasamu kama ameshaajiriwa.

Nilikaa, nikasimama, nikauzunguka ukumbi nikipanga viti vilivyokwisha kupangwa. Kukikata kipande kile hakuwezekani, maana vita vyote vinaanzia kwenye busu.

Mchana ukumbi ulijaa. Fundi cherehani alikaa mbele, futi ya kupimia bado shingoni. Midomo iliposogeleana akaruka: "Wewe mtafsiri! Hao si ndugu?"

Nikakumbuka filamu ya kwanza ya Radi, mji unaungua na kichanga kinalia, hakuna aliyesema cha nani. Nikaifanya sauti yangu ya kike:

"Mamako si mama yangu, mi mwana wa kuokotwa,
Kwenye jivu la wenzangu, nikilia nilikutwa."

Fundi akapiga goti lake. "Kumbe ndiyo maana kile kitoto kililia!" Ukumbi ukalipuka. Nilimtazama Dada nikanyanyua nyusi: umeona uzi?

Majina yakaanza kupanda. Mjomba akanyoosha rimoti.

"Usizime!" fundi akafoka. "Leo tunataka kumjua mama yake Radi!"

Wengine wakaitikia. Mjomba akaishusha rimoti. Tukangoja. Ndipo akatokea mama yake Chuma, mvi kichwa kizima, amefungua kisanduku mbele ya Radi. Akatoa picha ya zamani: yeye mwenyewe kitandani, amekumbatia mapacha, wa kiume na wa kike, na wa kike ana alama ya radi shavuni, ile ile aliyonayo Binti Radi.

Hapo hapakuhitaji mtafsiri.

Fundi akasimama, akageuka. "Tumbo moja! Mwaka juzi ulisema hivyo hivyo! Leo umetudanganya kwa nini?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Mjomba alikuwa amenyoosha mkono aninyang'anye kipaza sauti, na Kasuku ameshaweka ufagio chini. Nilikishika kwa mikono miwili.

"Mimi nasema anachokijua Radi," nikajibu. "Na Radi mwenyewe alikuwa hajui."

"Maskini binti wa watu!" fundi akasema, akakaa. Kelele zilizofuata zilitikisa bati. Kasuku akauokota ufagio wake.

Dada akaniinamia sikioni. "Sasa amejua. Na alishambusu. Filamu ijayo utasemaje?"

Nilikuwa nimeshaanza kutafuta vina.