Chembe Nyeupe za Maduhu

Mzee Maduhu aliambiwa chembe nyeupe za damu yake zimeongezeka. Alikuwa amekuja zahanati hapo Nyakahura kwa ajili ya mwiba tu, uliomchoma unyayoni akichunga ng'ombe, mguu ukavimba hata ndala haiingii. Sasa akaona anabandikwa ugonjwa mwingine. Akakataa kuguswa, akamtuma mkewe, Justina, atafute bodaboda warudi nyumbani.

Christina wa maabara alimfuata kwenye benchi, akamwamkia, akamwomba dakika kumi. Alimtoboa kidole, akachanganya tone la damu na usaha kidogo wa kile kidonda, akalifunika kwa kioo chembamba, akamkalisha kwenye darubini.

Kwanza Maduhu aliona viduara vingi vimesongamana. Christina akasema hizo ni chembe nyekundu, atafute iliyo kubwa zaidi, yenye punjepunje ndani. Akaiona. Ilikuwa inatambaa polepole: mbele inajisukuma kama ulimi, nyuma inajikunja na kufuata. Mbele yake kulikuwa na kilundo cha vidoa, wadudu wa kwenye usaha, na chembe ilikuwa inawaendea.

Ikakwama kwenye msongamano wa nyekundu. Ikatoa ndimi mbili, moja kushoto, moja kulia.

"Imepotea," Maduhu alisema.

"Subiri, baba."

Ulimi wa kushoto ukarudi ndani. Chembe nzima ikapenya kulia, ikashika tena uelekeo wake.

"Haina macho hii. Imejuaje?"

"Inanusa wadudu. Na upande ukishakuwa mbele, unazuia pande nyingine zisiwe mbele. Ndiyo maana haitangitangi, hata harufu ikififia kidogo."

Akamweleza kwamba zimeongezeka kwa sababu ya mwiba. Zilikuwa njiani kwenda mguuni. Chembe ilipomfikia mdudu wa kwanza na kummeza, Maduhu alicheka mpaka waliokuwa nje wakachungulia.

Justina akarudi kusema pikipiki imefika. Mumewe akamwambia iende zake, akamwachia kiti aone jinsi damu ya mume wake inavyojua njia. Yeye akachechemea kwenda kutolewa mwiba. Ulitoka mrefu kama njiti ya kiberiti, na wakati anafungwa bendeji alipaza sauti kuuliza chembe imefikia wapi.

"Iko kwa wa tatu," Justina alijibu, bila kuinua kichwa. "Usinisumbue."