Hatua Arobaini za Baba

Katika makaburi yale walilala wanasiasa kumi na mmoja, na mtunza makaburi aliwajua kama mwenye nyumba anavyowajua wapangaji wake. Diwani aliyeahidi lami mpaka pumzi ya mwisho alikuwa langoni, penye vumbi kuliko pengine popote. Mbunge wa mihula miwili alijengewa kwa vigae ambavyo wapiga kura wake hawakuwahi kuwa navyo hata chooni. Mtunza makaburi aliwafagilia wote bila ubaguzi wa chama, na kazi hiyo aliipenda. Aliirithi kwa baba yake pamoja na jembe, ufunguo wa lango na daftari moja lililochakaa.

Sasa halmashauri ilitaka kila mwanasiasa awekewe bango. Tisa walikuwa na mawe yenye majina, hao hawakuwa na shida. Waliobaki wawili walizikwa kwenye matuta ya udongo tu: Mheshimiwa Kipaza, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuwahi kuhitaji kipaza sauti, na mpinzani wake, Bwana Safari Hii. Huyu aligombea mara nne akaanguka mara nne, na kila mara alianza kampeni kwa kusema, "Safari hii tunachukua!" Hakuacha mke wala mtoto.

Daftari lilisema: Kipaza, hatua arobaini kutoka bombani kwenda ukutani. Safari Hii, mstari huohuo, hatua thelathini na mbili. Mtunza makaburi alikuwa amezihesabu zamani. Arobaini zilimfikisha kwenye tuta zuri. Thelathini na mbili zilimwacha katikati ya njia, mahali ambapo hapazikwi mtu. Akaamua kwamba hapo baba alipitiwa, na Safari Hii akahesabiwa amepotea.

Ijumaa asubuhi fundi wa mabango alikuja na mkokoteni wake. Alikuwa mrefu, wa kuinamia kila mlango.

"Huyu wa mwisho yuko wapi?" akauliza.

"Huyo hajulikani alipo. Daftari linasema hatua thelathini na mbili kutoka hapo bombani, nazo zinatupeleka njiani."

"Hebu nijaribu mimi."

Akaenda bombani, akaanza kutupa miguu huku akihesabu kwa sauti. Akasimama kwenye tuta la Kipaza. "Thelathini na mbili."

"Umeruka hesabu wewe, hapo ni arobaini," mtunza makaburi akamcheka.

Fundi akaendelea. Hatua ya arobaini ilimfikisha kwenye tuta jingine, karibu na ukuta, ambalo mtunza makaburi alilipalilia miaka yote bila kujua ni la nani. Mtunza makaburi, mama wa watu, akaitazama ile miguu mirefu. Baba yake naye alikuwa mrefu kama huyu. Yeye mwenyewe alikuwa anamfikia kwapani. Hatua za daftarini zilikuwa za baba, naye miaka yote alizipima kwa miguu yake mifupi.

Kwa hiyo binti yake Kipaza, mwalimu mstaafu ambaye mazishi yalimpita akiwa kazini mbali, alikuwa ameonyeshwa kaburi la mtu mwingine. Kwa miaka tisa alikuja kila Ijumaa na kigoda chake na chupa ya chai, akazungumza na baba yake, kisha yeye na mtunza makaburi wakamalizia chai pamoja. Mtunza makaburi hakuwa na rafiki mwingine kama yule. Akijua, je, atarudi tena?

"Nyamaza tu, dada," fundi akasema. "Tuweke mabango kama ulivyozoea. Nani atafukua?"

Maneno hayo yalikuwa matamu, na yalimshawishi kwelikweli. Lakini kazi ya mtunza makaburi ni kujua nani kalala wapi. Asipolijua hilo, ni mfagiaji tu.

Saa nne Mwalimu akaingia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepauka hivyo?"

Mtunza makaburi akamwambia yote, bila kupunguza wala kujitetea. Mwalimu alisikiliza huku amekumbatia kigoda chake. Kisha akalitazama lile tuta la miaka tisa.

"Kwa hiyo huyu ni Safari Hii?"

"Ndiye. Nisamehe, Mwalimu. Nimekukosea sana."

Mwalimu akaketi polepole. Mabega yakaanza kumtikisika, na mtunza makaburi akaona aibu mpaka akatamani ardhi ipasuke. Kumbe Mwalimu alikuwa anacheka.

"Uchaguzi wa mwisho," akasema akijifuta macho, "baba alinifokea asubuhi mbele ya watu. Nikaingia kituoni na hasira zangu, nikampigia kura Safari Hii. Sikumwambia mtu. Mwaka jana nikaona nitakufa nalo, nikaja hapa nikaungama. Nililia, mwanangu, nikamwomba baba radhi."

"Ukamwambia huyu!"

"Nikamwambia huyu! Na maskini, alikuwa akitangaza majukwaani kwamba hata nyumbani kwa Kipaza anazo kura. Tulimcheka mpaka tukashika mbavu." Akaupapasa udongo kwa kiganja. "Alikufa tukimwona mwongo. Basi angalau mwenyewe ameshaambiwa."

Fundi akajifanya anakagua magurudumu ya mkokoteni. Mtunza makaburi alisikia furaha ikimpanda, lakini bado hakujua kama Mwalimu atarudi tena, akauliza kwa kuzunguka.

"Na baba yako, Mwalimu? Utamwambia?"

"Taratibu. Kwanza nina habari za miaka tisa za kumsimulia upya, na huyo hajawahi kuniacha nimalize sentensi." Akanyanyuka, akamkabidhi kigoda. "Nisogezee kule ukutani. Na Ijumaa nitakuja na chupa kubwa zaidi, maana tutakaa sana."