Kaburi Lisilo na Mtu

Mwalimu Lightness alikuwa na ugonjwa mmoja: kupenda kushinda. Alifundisha historia katika sekondari moja ya huku Nangurukuru, na kila Jumamosi mchana alikwenda kula wali maharage kwenye kibanda cha Mama Jerome, pale yanaposimama mabasi ya Lindi. Jumamosi moja alimkuta Ridhiwani, bwana shamba, kashika simu, anawasomea watu habari za mapiramidi ya Misri.

"Makaburi ya wafalme," Ridhiwani alisema. "Hilo halina ubishi. Au siyo, mwalimu?"

Ndivyo Lightness mwenyewe alivyowafundisha kidato cha kwanza wiki mbili nyuma. Angejibu ndiyo, mambo yangeishia hapo. Lakini madereva na makondakta walishageuka kumtazama, na mwili ukamsisimka kama zamani chuoni alipokuwa akipanda jukwaani kwenye midahalo.

"Nani kakwambia ni makaburi?" akauliza. "Maiti wamekutwa humo?"

"Wezi waliingia, wakapora."

"Mwizi wa dhahabu namwelewa. Maiti anampeleka wapi?" Watu wakacheka. Lightness akasimama kabisa. "Kuna jeneza moja la mawe lilikutwa limezibwa vilevile, halijaguswa na mtu. Kulifungua, tupu! Sasa tumia akili, bwana shamba. Kaburi lisilo na mtu ni kaburi gani? Hilo ni rundo la mawe. Ukienda kulilia rundo la mawe, watu watasema umerukwa na akili."

Kondakta mmoja akapiga meza kwa kicheko. Halafu kicheko kikakatika. Ridhiwani alikuwa ameinamia sahani yake. Mama Jerome alikuwa amesimama kando ya sufuria, upawa mkononi, hausogei.

Hapo ndipo Lightness alipokumbuka.

Jerome alichukuliwa na maji mwaka ule Mto Matandu ulipofurika. Walimtafuta siku tisa. Mwisho mama yake na baba yake, Mzee Mikaeli, wakapanda naye kwao milimani, Kipatimu, bila mwili, kwa jina tu: wakazika shati lake, viatu na rozari, wakasakafia kwa saruji, wakaandika Jerome. Lightness alikuwepo. Alitupia udongo kwa mkono wake.

Mama Jerome akampakulia kondakta wali. Lightness akaacha chakula, akaondoka akipita nyuma ya kibanda asikutane na macho ya mtu.

Nyumbani alijiambia kwamba mazungumzo yalikuwa ya Misri. Haikusaidia. Saa kumi jioni akarudi, akamkuta Mama Jerome peke yake, anasugua sufuria kwa majivu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama Jerome, nimekuja kuomba radhi. Nilipitiwa. Nilisahau."

Mama akaitua sufuria. "Ulisahau? Mbona kila siku unaniita kwa jina lake?"

Lightness akatamani ardhi immeze.

"Yale uliyosema," Mama Jerome akauliza, "ni kweli?"

"La jeneza ni kweli. Lakini..."

"Lakini nini?"

"Pembeni ya mapiramidi walijenga mahekalu. Watu walikuwa wakipeleka mikate na vinywaji, wakimtaja mfalme kwa jina lake, miaka na miaka. Wataalamu wengi wanasema yalikuwa makaburi. Hata mimi ndivyo ninavyoamini."

"Na hayo ulikuwa unayajua wakati ule unaongea?"

"Nilikuwa nayajua."

"Kwa nini hukuyasema?"

Lightness alitafuta jibu lenye heshima kidogo, akalikosa. "Ningeshindwa."

"Haya," Mama Jerome akasema, akairudia sufuria yake.

Jumamosi iliyofuata Lightness alisimama palepale kibandani, sahani zimejaa mezani, akamwita Ridhiwani. "Bwana shamba, wiki iliyopita nilikubishia jambo nisiloliamini, na niliyoyajua nikayaficha. Wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Na yale ya kulia kaburini yalikuwa maneno machafu. Nimeyafuta."

Nusu ya watu hawakuwepo siku ile ya ubishi. Dereva mmoja akauliza kwani huyu mwalimu anaumwa. Ridhiwani, kwa haya, akamwambia kaa chini ule, yamekwisha. Mama Jerome alikuwa akipuliza moto, hakuinua kichwa.

Novemba ilipokaribia, na siku yake ya kuwaombea marehemu, Lightness alimsaidia Mama Jerome kubeba kapu na jembe hadi kwenye basi, kisha akajikaza akauliza kama anaweza kwenda naye Kipatimu kupalilia.

"Mwaka huu tutapalilia mimi na baba yake," Mama Jerome akajibu. Hakusema kwa hasira. Alipokea kapu, akapokea jembe, akashukuru, akapanda.

Basi likaondoka kuelekea kaskazini. Lightness akabaki kituoni, kiganja kinanuka mpini wa jembe, hajui aende wapi. Muuza machungwa akamwuliza kama anasafiri. Akasema hapana, akanunua machungwa mawili ambayo hakuyataka, akashika njia ya kwake.