Naw Paw Wawili

Mkanda wa kiwanda ulileta kidari kimoja cha bata mzinga kila sekunde nne, na Mu Wah alikipima kwa viganja kabla ya kukitia kisu. Hakuna aliyemwagiza apime. Ni mikono tu, ilikwisha kuzoea vibaya. Kilo mbili kasoro, huyu njiti, afunikwe pamba. Kilo tatu na robo, huyu mzima, mama yake apewe supu. Kisha anakumbuka kwamba kitu alichoshika ni cha baridi na hakina kichwa, anakikata.

Kambini, mpakani mwa Thailand, alizalisha watoto mia tatu na kumi na wawili ndani ya zahanati ya mianzi. Wanaomsifu husema mia tano, lakini yeye hakupenda chumvi. Mmoja, alisema, alitoka akipiga chafya, akawapa watu wote mafua. Hapa Minnesota, katika mji wenye minara miwili, wa maji na wa nafaka, miaka sita sasa hajashika mtoto asiye wa jirani. Hospitali ilimwambia: lete cheti cha msaidizi wa wauguzi. Chuo cha mji kikamwambia: cheti hicho tunakifundisha, ila kwanza maliza Kiingereza ngazi ya nne. Ngazi ya nne haikufunguliwa kwa miaka miwili, kwa kuwa watu hawakutimia. Mwaka huu walijiandikisha kumi na watatu. Na leo Alhamisi, saa kumi na moja jioni, chuo kinahesabu waliofika vitini. Wakiwa chini ya kumi na wawili, darasa linafungwa.

Saa nne asubuhi, wakati wa chai, msimamizi Duane alibandika karatasi mlangoni: ovataimu mpaka saa kumi na mbili jioni, kwa wote, lazima.

Mu Wah aliisoma mara mbili. Kati ya wale kumi na watatu, kumi walikuwa kwenye mkanda huu huu.

"Duane, leo chuoni wanahesabu."

"Wanahesabu nini?"

"Sisi. Tusipotimia, darasa basi."

"Si muende kesho?"

"Kesho hakuna pa kwenda."

Duane, mtu mpole mwenye ndevu za beberu, alijikuna. "Ukitoka ni alama. Unazo ngapi?"

"Tano."

"Ya saba unafukuzwa, unajua."

"Kuhesabu najua, Duane. Ni Kiingereza tu kinachonitoa jasho."

Eh Ler Moo, aliyekata mabawa pembeni yake, aliinama kana kwamba anachukua glavu. "Dada, nenda. Mimi watoto watatu na alama sita, sithubutu. Ila ukifika, uniitie jina langu, lisikike humo ndani hata mara moja."

Saa tisa kamili Mu Wah alivua aproni, akapita mbele ya Duane bila kugeuka. Hajafika kwenye geti, simu ikalia kwenye koti: alama ya sita.

Saa mbili zilibaki. Wasiofanya kazi kiwandani walikuwa wanafunzi watatu tu: mama Eulalia wa Guatemala na ndugu wawili wapaka rangi. Yeye wa nne. Walitakiwa wanane, na sheria ya chuo iliruhusu mtu yeyote kujiunga kwa fomu ya njano mpaka dakika ya mwisho. Alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba za kupanga, wanakokaa Wakaren wenzake, wakimbizi kutoka Burma, akamwomba mchungaji gari la kanisa, akaanza kugonga milango.

Babu Kler Htoo, miaka themanini na moja, alikuwa akitafuna tambuu mbele ya televisheni iliyozimwa.

"Nisome? Ili nife nikijua nini?"

"Usisome, babu. Ukae kwenye kiti."

"Aa, kukaa nakuweza. Kukaa nina shahada."

Kazi ilikuwa kwa Naw Paw wawili. Bibi hawa walikaa mlango kwa mlango na hawakusemezana kwa miaka kumi na tisa, tangu kambini, kwa ajili ya kuku. Mmoja alidai kuku wake aliliwa. Mwingine alidai kuku alijileta mwenyewe. Ugomvi huo ulivuka bahari pamoja nao, bila kulipiwa nauli.

"Akienda yule, mimi siendi," alisema wa kwanza.

"Bibi, wewe utakaa mbele, karibu na mchungaji."

"Na yeye?"

"Nyuma kabisa, na magunia ya mchele."

"Basi ngoja nivae sketi nzuri."

Saa kumi na dakika arobaini gari lilimwaga watu wanane mbele ya chuo, chini ya kibao cha shaba kilichoandikwa: JENGO HILI NI ZAWADI YA KIWANDA KWA WAFANYAKAZI WA KESHO. Babu Kler Htoo alikipigia kibao saluti, akidhani ni kaburi la mtu mkubwa.

Mama Eulalia na wale ndugu wawili walikuwa wamekwisha kaa. Mwalimu Darlene, anayelipwa kwa saa na asiye na darasa jingine, aliwatazama wazee wakiingia na vifimbo na mifuko ya kufuma. Aligawa fomu za njano, na Mu Wah akajaza zote, jasho likidondoka kwenye karatasi.

Dakika kumi kabla ya saa kumi na moja, Bwana Stroud wa ofisi ya usajili aliingia na kompyuta ya mkononi. Alikuwa nadhifu, mwenye adabu ya kuchosha.

"Mwalimu, hawa ni ngazi ya nne?"

"Kanuni inasema wawe kwenye viti na wawe kwenye mashine," alisema Darlene. "Haisemi wawe vijana."

Stroud akahesabu kwa kidole. Kumi na wawili. Akaketi, akaingiza fomu moja moja. Chumba kizima kilisikiliza vidole vyake. Alipomaliza alikunja uso.

"Kumi na mmoja."

"Hesabu tena," alisema Mu Wah.

"Mashine imeunganisha wawili. Jina la kwanza Naw, la ukoo Paw, alizaliwa tarehe mosi Januari elfu moja mia tisa hamsini na nane, jengo namba nne. Imeandika: mtu huyu tayari yupo."

Mu Wah alielewa mara moja. Kwao, Naw ni kama kusema Bi, na ukoo hawana. Siku za kuandikishwa ukimbizi, makarani waliona uvivu kuuliza tarehe, wakawapa wote mosi Januari. Zamani alikuwa akilicheka jambo hilo: wilaya nzima ilizaliwa asubuhi moja, mkunga si angekufa kwa uchovu!

Akawatafsiria bibi.

"Mimi na huyu?" alisema Naw Paw wa kwanza. "Mtu mmoja?"

"Mimi niliyeibiwa kuku, niwe mwizi wangu mwenyewe?" alisema wa pili.

Wakasimama. Wa kwanza akamshika mwenzake kifundo cha mkono, wakainua juu mikono yote. "Mwambie ahesabu! Minne!"

"Ninawaona, bibi," alisema Stroud, na kwa kweli aliwaona, hata masikio yalimwiva. "Ila anayefunga orodha si mimi. Kuna fomu ya kurekebisha. Wiki sita."

"Mwongezee mmoja herufi," alisema Mu Wah. "Moja tu. Nakuomba."

"Jina lazima lifanane na kitambulisho."

Kompyuta ikalia mlio mdogo, kama kifaranga. Saa kumi na moja. Kwenye kioo, jina la darasa likageuka kijivu.

Hakuna aliyeinuka. Mu Wah alitazama viganja vyake, vimevimba, vinanuka klorini.

"Mwalimu, chumba hiki ni chetu mpaka saa ngapi?"

"Mpaka saa moja na nusu." Darlene alivua koti, akalitundika. "Ningeanza kwa kuita majina. Ita wewe."

Mu Wah alisimama mbele. Aligonga meza mara tatu kwa konzi, kama mama zao wanavyogonga kwa mwiko siku ya kufunga nyuzi mikononi, wanapoziita roho zilizopotelea porini zirudi nyumbani.

"Eh Ler Moo."

Babu Kler Htoo akatema tambuu kwenye kikombe. "Yupo!"

Akawaita wote tisa waliobaki kwenye mkanda, mmoja mmoja, na kila jina wazee walilijibia kwa sauti moja, kisha akaita waliomo chumbani. Stroud alikuwa amesimama mlangoni, kompyuta imefungwa kwapani.

"Darasa hili halipo," alisema taratibu, kama anayeomba radhi.

Mu Wah hakumgeukia. Lilibaki jina moja.

"Naw Paw."

"Yupo," alisema wa kwanza.

"Yupo," alisema wa pili.