Kahawa Badala ya Maji

Tangazo la serikali lilibandikwa mlangoni mwa ghala la kahawa la Burhani, mjini Bukoba, mwaka 1949. Mwajiri aweke maji ya kunywa karibu na wafanyakazi. Awapumzishe kivulini joto linapozidi. Mgeni wa kazi aanze taratibu. Na mtu atakayeacha kutoka jasho atolewe nje mara moja. Datius, aliyesomeshwa na mapadri huko Rubya, aliwasomea wenzake neno kwa neno.

Asubuhi hiyo alikuwa amemleta mgeni: Mwijage, mdogo wa mkewe, kutoka Buganguzi. "Nimekukabidhi mwanangu," mama mkwe alikuwa amemwambia.

Ghala halikuwa na dirisha. Chini ya bati, wanaume kumi na wawili walijaza magunia na kuyabeba. Saa tano Burhani aliamuru mtungi wa maji ufungiwe ofisini.

"Mnakunywa, mnatoka kukojoa, na meli hainingoji."

Kisha akapita na kikapu cha akamwani, kahawa iliyochemshwa kwa majani na kukaushwa, ambayo Wahaya humpa mgeni atafune. Burhani alikuwa mtu wa mjini, lakini alijua vema kwamba kuikataa ni tusi, na kwamba aliyeipokea huona aibu kumlaumu aliyempa.

"Hii huua kiu. Au nimekosea mila zenu?"

Datius alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. "Tafuna, muramu," akamwambia shemeji yake.

Saa saba jasho la Mwijage lilikauka. Shaban, mbebaji wa siku nyingi, akampiga begani.

"Mtazameni, mkavu! Amekwishazoea, huyu sasa ni mwanaume wa ghala."

Wakacheka. Datius naye alicheka, ingawa tangazo alikuwa amelisoma yeye mwenyewe. Ndipo Mwijage akaanza kulisihi gunia, akiliita mama, limpishe njia.

"Rubisi ya jana hiyo," alisema Burhani. "Mtwisheni, pombe imtoke."

"Waitu, bwana wangu, tangazo linasema..." alianza Datius.

"Tangazo linakulisha? Langoni wapo ishirini wanaoitaka nafasi yako. Na kahawa yangu bado iko kinywani mwako, Datius."

Datius alilinyanyua gunia na kumtwisha shemeji yake kwa mikono yake mwenyewe.

Mwijage alipiga hatua nne, akaanguka. Ngozi yake ilikuwa ya moto kiasi kwamba waliombeba walilazimika kupokezana. Saa nane ilipogonga alikuwa maiti.

Alasiri afisa wa kazi alifika na daftari. Aliwahoji mmoja mmoja uani, Burhani akiwa amesimama hatua mbili kando.

"Alipewa maji," alisema Shaban, na wengine wakasema vivyo hivyo.

Afisa akamgeukia Datius. "Wewe ni ndugu yake. Nitaandika utakalosema wewe. Alipewa maji?"

Kusema kweli kungemlazimu aeleze pia ni nani aliyemtwisha marehemu gunia la mwisho.

"Alipewa, bwana. Alikuwa amelewa tangu jana."

Afisa aliandika, akafunga daftari, akaondoka. Burhani alimtazama Datius kwa muda, kama mtu anayepima uzito wa mzigo.

"Watu wa Buganguzi wana nguvu," alisema. "Nyumbani kwao yupo mwingine?"

"Yupo," alijibu Datius. "Anaitwa Elieza."