Ratili Hamsini

"Samaki wako ulimrudisha majini? Jibu hilo kwanza, kaka."

"Zulmira, ilikuwa mwaka sabini na nane. Walikuwa tele kama nzi."

"Kumbe! Walikuwa tele ilipokuwa zamu yako. Zamu yangu ilipofika, wakawa wachache."

Valdemar akashika usukani ambao haukuhitaji kushikwa, maana injini ilikuwa imezimwa. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye ukingo wa boti, mkono wa kulia umezama mpaka kiwiko, kidole gumba kikiwa ndani ya taya la chini la samaki aina ya besi wa mistari. Sijawahi kushika mkubwa kama huyo. Alilala ubavu juu ya maji, akitweta, mistari yake myeusi imenyooka kutoka shingoni mpaka mkiani kana kwamba mtu aliipiga kwa rula. Miaka ishirini nimesimama kwenye miamba ya ghuba hii nikirusha mikunga kama chambo, na mkubwa niliyewahi kupata alikuwa wa ratili thelathini na mbili. Huyu alizidi hamsini. Nililijua hilo kwa mkono.

"Huyo ni jike," Valdemar akasema. "Wote wa ukubwa huo ni majike. Tumboni atabeba mayai mamilioni msimu ujao."

"Mimi nimezaa watatu. Usinifundishe habari za majike."

"Nakwambia tu kwamba wanakwisha."

"Umeokoka lini wewe? Jina lako liko ukutani, ratili hamsini na mbili, kwa herufi za dhahabu. Leo umeshiba ndiyo unawahubiria wenzako kufunga!"

"Basi mpige rungu!" akafoka. "Lipo hapo chini ya kiti. Mpige, tumpeleke, uandikwe, tupumzike!"

Sheria ya jimbo iliniruhusu. Klabu yetu, ambayo wazee wetu waliohamia hapa kutoka visiwa vya Azores waliianzisha kwenye chumba nyuma ya duka la mkate, nayo iliniruhusu, kwa kuwa miaka minne kabla ya hapo ilikuwa imekubali wanawake. Ukutani kuna ubao wa waliovua ratili hamsini na zaidi. Majina kumi na tisa, mwanamke hata mmoja hayumo. Ili uandikwe, samaki atundikwe kwenye mzani wa klabu mbele ya mashahidi wawili kabla ya saa sita mchana. Samaki aliyetundikwa amekufa. Hakuna njia nyingine.

Baba mwenyewe hayumo kwenye ubao huo. Aliwahi kumvua samaki wake alfajiri ya Jumapili, akamwacha ndani ya boti chini ya gunia kavu, akaenda misa, kwa sababu mama alikuwa amemwapisha kwamba hatakosa. Padri alihubiri sana siku hiyo. Samaki akakauka juani, akapungua, na mzani ukasema arobaini na tisa na robo tatu. Baba hakukosa misa tena mpaka alipokufa mwezi wa pili mwaka huu, lakini hakumsalimia tena yule padri.

Mimi hakunichukua baharini hata siku moja. Alisema mwanamke ndani ya boti ni mkosi, kisha jioni ananiletea samaki niwaparue magamba. Nilikuwa nikingoja gatini. Niliijua injini yake kati ya injini zote za bandari. Ikikohoa nyuma ya mnara wa taa, moyo wangu unaruka, ingawa nilichokuwa nangojea ni kisu na ndoo. Siku Valdemar aliporudi na samaki wake wa ratili hamsini na mbili, nilikuwa na miaka kumi na minne. Baba, ambaye hakuwa mtu wa kukumbatia, alimwinua kijana mzima juu kama mtoto na kumzungusha huku akilia. Mimi nilikuwa nimeshika mpira wa maji, naosha damu.

Na mimi nilitaka kuinuliwa. Nina miaka arobaini na mmoja, naongoza idara ya kemia kwenye shule ya watoto elfu moja, na asubuhi hiyo, nimelowa mpaka kifuani, nilikuwa bado nataka kuinuliwa.

"Zulmira." Sauti ya kaka ilikuwa imeshuka. "Tufanye hivi. Tumtoe dakika moja tu, tumpime kwa futi, tupige picha. Urefu na unene vinatosha kukadiria uzito. Nitakuwa shahidi wako."

"Klabu haikubali futi."

"Achana na klabu. Ili ujue mwenyewe."

Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu nilitaka kujua. Lakini taya lilikuwa limeanza kulegea kidoleni mwangu. Tumbo jeupe lilikuwa linageukia juu. Sisi tulikuwa tunabishana, na kila neno letu lilikuwa linamtoa pumzi.

Nikajiona naingia klabuni nimembeba. Mzee Gualter wa mzani anavua miwani. Deolinda wa jikoni anapiga vigelegele na kukata mkate mtamu. Valdemar anatia sahihi. Nikatafuta uso wa yule niliyekuwa namletea samaki huyu, nikautafuta chumba kizima, kiti kwa kiti. Haukuwemo.

"Washa injini," nikasema.

"Tunaenda klabu?"

"Washa. Nenda mbele polepole, polepole kabisa, maji yampite kwenye matamvua apumue."

"Kwa hiyo umenielewa."

"Sijakuelewa hata kidogo. Jina lako likifutwa ubaoni nitakuelewa. Endesha!"

Akawasha. Nikamshika samaki kwa mikono miwili, mmoja tayani, mmoja chini ya tumbo, nikamwelekeza kichwa mbele. Uzito wake wote ulikuwa kwenye kiganja changu. Dakika ya kwanza hakuna kitu. Dakika ya pili pezi la mgongoni likasimama. Halafu taya likakaza, likaniuma kidole gumba kama msasa unaokwangua, na mkia ukasukuma mara moja, kwa nguvu.

"Futi iko hapa," Valdemar akasema. "Bado unaweza."

Nikafungua mikono.